Kichwa Kimoja, Mabeseni Mawili

Shangazi yangu Mwavita, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kutoa. Ukimwomba chumvi alikupa na kijiko cha kuchotea. Mgeni akipita mlangoni na njaa hakuulizwa anatoka wapi, alisogezewa sahani. Lakini kulikuwa na kitu kimoja katika mji mzima wa Kindu ambacho hakutaka mkono wa mtu mwingine ukiguse, nacho ni kichwa changu.

Nilifika kwake nikiwa bado mdogo. Mama yangu alifariki kule Kalima, ambako baba alikuwa akichimba bati, na baba hakujua kulea mtoto wa kike peke yake. Akanileta Kindu, mtaa wa Mikelenge, akanisimamisha mlangoni kwa dada yake, akasema, "Dada, huyu sasa njo wako," yaani ndiye wako. Shangazi hakuwa amejaliwa kuzaa. Halafu mimi ninaitwa Riziki, na Riziki lilikuwa jina la mama yake mzazi. Kwa hiyo tangu siku ile aliniita Mama. Mwanamke mzima, mikunjo imeanza machoni, ananiita mimi mtoto Mama, tena kwa heshima. "Mama, kuja ule." "Mama, leta kichwa."

Kuleta kichwa kulikuwa Alhamisi, ili Ijumaa inikute safi. Alikuwa na pipa chini ya mchirizi wa paa, la kukingia maji ya mvua, na yale maji hakuna aliyeruhusiwa kuyachota hata kwa chai. Maji ya mvua ni laini, alisema, hayaachi kitu kwenye ngozi. Sabuni alipika mwenyewe: maganda ya ndizi yaliyokaushwa akayachoma, majivu akayachuja kwa maji, yale maji akayapika na mawese mpaka yakashikana, meusi, laini kama ugali wa jana. Alinilaza chali kwenye mkeka, shingo juu ya paja lake, beseni chini ya kichwa. Kisha vidole vinaingia. Si kucha. "Kucha njo ya kuku," alikuwa akisema. Alisugua kwa ncha laini za vidole, anaanzia nyuma ya masikio, anapanda taratibu mpaka utosini, na ukifumbua jicho anakuambia lifunge. Halafu suuza, na suuza tena, mpaka maji yanayoanguka ndani ya beseni yafanane na yale yaliyo pipani. Nywele zikiwa bado na unyevu alizigawa mistari, akapaka mafuta meusi ya kokwa za ngazi, yaani za michikichi, aliyoyapasha kidogo, juu ya ngozi, si juu ya nywele. Yale mafuta yana harufu ya kitu kilichoungua jikoni. Mtaa wote ulijua Alhamisi imefika.

Siku moja nilimwuliza kwa nini haoshi watoto wa jirani, na wao wanapenda. Akanijibu, "Muntu anakupa kichwa yake macho yamefungwa. Haone mikono yako iko na nini. Njo maana haitolewe kwa kila muntu."

Na kweli yeye mwenyewe hakutoa. Kichwa chake aliosha chumbani, mlango umefungwa. Tangu mama yake alipokufa hakuna mtu aliyekiona bila kitambaa, nadhani hata mume wake, mzee Tambwe, aliyekuwa akishona nguo barazani kwetu kutoka asubuhi mpaka jua kuzama. Mimi sikukiona. Nilikijua kwa umbo la kitambaa tu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, hadi nikawa msichana wa kuposwa. Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Wakati huo akahamia nyumba ya pili kutoka kwetu mwanamke mmoja wa Kisangani, Germaine, mke wa Bruno, karani wa stesheni ya gari la moshi. Watu walimwita Madamu kwa sababu alivaa viatu hata akiwa jikoni kwake. Alikuwa mtu mzuri, mcheshi, Mkristo wa kweli. Mungu alimpa watoto wa kiume watupu, wote vichwa vimenyolewa kwa wembe, vinang'aa. Shangazi alinituma kwake nijifunze kudarizi vitambaa vya meza, kwa ajili ya nyumba nitakayoolewa. Kwa hiyo, mkiuliza nani aliyefungua mlango, ni yeye mwenyewe.

Siku ya kwanza Germaine aliangalia uzi wangu. Siku ya pili aliangalia nywele zangu. "Oo, Riziki," akasema, "Mungu alikupa shamba na hakuna anayelima. Kuja hapa."

Yeye aliosha tofauti. Aliniinamisha juu ya beseni lililowekwa mezani, akatumia sabuni ya dukani yenye harufu ya maua, na baadaye akavunja yai, akapiga kiini na maji ya ndimu, akanipaka kichwa kizima akaniacha nikae hivyo nikidarizi. Alipoosha lile yai, nywele zikawa laini sijapata kuona. Akanichana kwa kisanuo cha meno mapana, akianzia kwenye ncha, akicheka peke yake, anazungumza nami kama nilizaliwa mle ndani.

Nilirudi nyumbani. Shangazi alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua macho, aliinua pua.

"Hii harufu njo ya nini?"

"Madamu Germaine ameniosha kichwa, Shangazi."

Ungo ukasimama. "Amekuosha na nini?"

"Sabuni. Na yai."

"Yai?" Akamgeukia mzee Tambwe barazani. "Baba Tambwe, umesikia? Sisi tunakula sombe, majani ya muhogo matupu, na ule mwanamuke anamwaga mayai juu ya kichwa ya mutoto wangu!"

"Labda anataka kichwa kitage," mzee Tambwe akasema, uzi kati ya meno.

Shangazi hakucheka. Aliweka ungo chini. Ilikuwa Jumamosi, wala si Alhamisi, lakini alisema neno moja tu: "Leta." Akaniosha upya kwa sabuni ya majivu, akasugua mpaka harufu ya maua ikaisha, akapaka mafuta yake. Nilipolala usiku mto wangu ulinuka jiko, naye akapita mlangoni, akanusa, akaenda kulala ameridhika.

Jumatatu nilikwenda kudarizi. Germaine akakunja uso. "Ee, nani amekupaka moshi kichwani? Kuja, mutoto, kuja." Beseni, sabuni, yai.

Nikarudi. Shangazi alikuwa mlangoni kabla sijafika. "Leta."

Ndivyo ilivyokwenda, wiki baada ya wiki. Kila mmoja aliosha alichopaka mwenzake. Shangazi hakutaka nionekane na harufu ya nyumba nyingine, na Germaine hakutaka kazi yake ifunikwe. Nami nilikuwa katikati, shingo inauma, leo nimelala chali, kesho nimeinama. Nilijaribu kusema. Nikimwambia Shangazi kwamba kichwa kinaniwasha, anasema ni yai. Nikimwambia Germaine, anasema ni majivu. Kisha kila mmoja ananiosha zaidi, ili kuondoa ubaya wa mwenzake.

Mnajua ngozi ya kichwa si ya kupigana nayo. Ina mafuta yake iliyopewa na Mungu, machache, na ukiyaondoa kila mara, inakauka inapasuka. Mba zikaanza kuanguka mabegani kama unga. Halafu vidonda vidogo nyuma ya masikio. Halafu nywele za pembeni zikaanza kukatika. Nilikuwa nazikuta kwenye kitambaa, vipande vifupi vifupi, navificha chini ya mkeka ili wasije wakavitumia kugombana.

Wakati huo huo wazazi wa Asumani, kijana wa Lokandu aliyekuwa akileta samaki wakavu kwa mtumbwi, wakatuma ujumbe. Mahari imekubaliwa, arusi ni baada ya mwezi wa kufunga. Shangazi akauliza taratibu za kwao. Yule mjumbe, mama mmoja mchangamfu, akaeleza: siku ya arusi mama mkwe mwenyewe anafungua kitambaa cha bibi arusi mbele ya wanawake wote, anagusa ngozi ya kichwa, na anampaka mafuta ya kwanza. "Kutoka hapo," akasema, "mutoto iko wake."

Niliona mkono wa Shangazi unashika ukingo wa kiti. Alimshukuru mgeni, akampa chakula, akamsindikiza. Aliporudi alisimama katikati ya ua. "Wa pili huyo," akasema, si kwangu wala kwa mtu. "Mmoja bado sijamumaliza, wa pili anakuja kwa mtumbwi."

Siku iliyofuata nilikuwa nimeinama mezani kwa Germaine, povu machoni, niliposikia mlango. Sikuhitaji kuona. Mafuta ya kokwa yaliingia kabla yake.

"Toa mikono yako," Shangazi akasema.

"Mama Mwavita, karibu, lakini sabuni iko kwa macho ya mutoto, ngoja ni..."

"Toa mikono. Nimekaa kimya sana. Wewe ulizaa wangapi? Wote wako hapa, uoshe hao!"

"Hao wamenyolewa, Mama."

"Basi wafuge nywele, wote! Ulikuja hapa na viatu vyako, nikakupa mutoto umufundishe uzi. Uzi! Nani alisema kichwa?"

"Na wewe nani alikuambia umupake majivu kama vile unafua gunia?" Germaine naye sasa sauti imepanda. "Angalia. Kuja uangalie mwenyewe kazi yako!"

Akanitoa kwenye beseni, akanivuta mpaka mlangoni penye jua, maji yananichuruzika mgongoni. Akagawa nywele. Shangazi akasogea aangalie, amejiandaa kujibu. Nilisikia pumzi yake juu ya ngozi yangu. Alikuwa hajaniona kwa jua siku nyingi, alikuwa akiniosha jioni, chini ya baraza, kwa hasira, bila kuangalia.

"Hii njo yai yako," akasema hatimaye, lakini sauti ilikuwa ndogo.

"Hii njo majivu yako," Germaine akasema.

Mimi hapo uvumilivu uliisha. Sikuzoea kuinua sauti mbele ya wakubwa, lakini niliinua. "Hii njo nyinyi wote wawili! Huyu ananiosha, nikifika kule ananiosha tena, nikirudi hapa ananiosha tena. Nimechoka! Nitanyoa! Nitaolewa kipara!"

Wakaangaliana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza wanaangaliana vizuri. Na mzee Tambwe, ambaye alikuwa amemfuata mke wake kwa kuogopa vita, akasema akiwa uani, tepe ya kupimia shingoni, "Sufuria yangu ya chai mulisugua hivi hivi mpaka ikatoboka. Na ile ilikuwa chuma."

Hakuna aliyecheka ila mtoto wa mwisho wa Germaine.

Shangazi alikaa chini pale pale kizingitini. Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza bei ya kitu anachojua hataweza kununua, "Sasa tufanye nini?"

Germaine alifuta mikono yake kwa aproni. "Tumuache. Tusiguse kabisa mpaka vidonda vikauke. Halafu mara moja kwa wiki, na muoshaji mumoja." Akamgeukia Shangazi. "Majivu inachoma mahali pamepasuka, Mama Mwavita, na wewe unajua. Lakini mafuta yako... Mimi sina mafuta kama yale. Vazelini ya duka inakaa juu tu."

"Sema wazi. Unataka uoshe wewe."

"Nataka apone."

Shangazi akaniangalia. "Mama. Chagua."

Mimi nikaanza kulia, na yeye akaona ameuliza vibaya, akasimama, akasema, "Basi. Aoshe yeye. Mimi nitapaka." Lakini kwake kupaka hakukuwa kitu. Kuosha ndiko kulikuwa kichwa. Mafuta mtu yeyote anaweza kupaka, alikuwa akisema hivyo miaka yote, na sasa ndiyo sehemu aliyobaki nayo.

Kichwa kilipumzika. Ngozi ilianza kupona, mba zikapungua. Kisha Alhamisi zikarudi, uani kwetu, kwa maji ya pipa letu, kwa sababu hilo Shangazi hakukubali lihame. Germaine alinilaza chali, alilazimishwa ajifunze hivyo. Alisugua kwa ncha za vidole. Shangazi alikaa kwenye kigoda, chupa ya mafuta mikononi, macho hayatoki kwenye vile vidole, kama mtu anayemwangalia muuza chumvi akijaza kipimo.

"Nyuma ya masikio."

"Nimefika, Mama."

"Hujafika. Rudi."

"Mama Mwavita, kama iko mikono mingine umeficha, ilete inisaidie."

"Suuza tena. Hiyo maji bado iko na povu."

Na Germaine anasuuza tena, kwa sababu kweli maji yalikuwa na povu. Halafu zamu ya mafuta ikifika Shangazi alipaka polepole kuliko zamani, mstari kwa mstari. Alikuwa hataki iishe. Nilisikia kidole chake kinarudi mahali kilipokwishapita.

Arusi ikafika. Asubuhi Germaine aliniosha mara ya mwisho, Shangazi akapaka, wakanisuka pamoja mistari midogo isiyovuta ngozi, mmoja kulia, mwingine kushoto, kila mmoja akichungulia upande wa mwenzake. Nywele zilikuwa fupi kuliko zamani, lakini nzito, na ngozi chini yake haikuwa na alama.

Mama yake Asumani aliingia na watu wake. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Wanawake wakajaa chumba mpaka mlangoni, na pale mlangoni alisimama Germaine na kitambaa cha zawadi kwapani. Mama mkwe akafungua kitambaa changu. Akapitisha kidole gumba kwenye mstari mmoja, wa pili, wa tatu, akainama akanusa.

"Mungu mukubwa," akasema. "Ngozi kama ya mutoto muchanga. Nani alikuwa anaosha hii kichwa?"

"Mimi," Shangazi akasema. Swali lilikuwa bado halijaisha. "Tangu akiwa mudogo. Mimi."

Chumba kilikuwa na kelele, wengi hawakusikia kitu cha ajabu. Mimi nilisikia. Nikainua macho kidogo nikamtazama Germaine. Mikono yake bila shaka ilikuwa bado na harufu ya sabuni ya asubuhi ile. Alifungua kinywa. Kisha akamwona Shangazi, jinsi alivyoishika ile chupa ya mafuta kwa mikono miwili, na chupa yenyewe ilikuwa imebaki tupu. Akafunga kinywa. Halafu akakifungua tena akapiga vigelegele, vya nguvu, na wanawake wote wakampokea.

"Basi, Mama Mwavita," mama mkwe akasema, akichovya kidole katika mafuta yake, "nimekupokea kazi." Akanipaka. Yale mafuta yalikuwa mazuri, sina la kusema. Lakini hayakuwa na harufu ya jiko, na niliona Shangazi amegeuza uso ukutani.

Yaliyofuata niliyasikia kwa mzee Tambwe, nami nayaamini, kwa sababu alikuwa hawezi kusimulia uongo bila kucheka mwenyewe. Haikupita siku nyingi baada ya mimi kuchukuliwa Lokandu, Germaine alikuja kwetu Alhamisi, beseni mkononi.

"Mutoto ameenda," Shangazi akamwambia. "Unaosha nani?"

"Wewe."

"Mimi nani?"

"Wewe Mwavita. Ulichukua kichwa yangu mbele ya watu, nikanyamaza. Sasa nimekuja kuchukua yako."

Shangazi alimfukuza. Alhamisi ya pili akamfukuza tena, lakini, mzee Tambwe alisema, siku hiyo alimpa kwanza kigoda. Ya tatu mzee aliambiwa achukue cherehani yake akashone nyumba ya jirani.

Mimi nilirudi kuwaona baada ya mavuno ya mpunga. Nilishuka mtumbwini na samaki, na mafuta ya mama mkwe kichwani, na njia nzima nilikuwa nafikiria kigoda na mkeka na pipa, nafikiria nitalala chali na Shangazi ataniambia nifunge macho. Nilipita barazani. Mzee Tambwe akaweka kidole mdomoni. "Usipige hodi," akasema. "Wako kazini."

Nilisimama pembeni mwa nyumba. Shangazi yangu alikuwa amelala chali kwenye mkeka wangu. Shingo yake ilikuwa juu ya paja la Germaine, na kichwa chake kilikuwa wazi, kile ambacho miaka yote nilikijua kwa umbo la kitambaa. Nywele zilikuwa chache, nyeupe karibu zote, laini kama pamba. Germaine alikuwa akipitisha vidole nyuma ya masikio, taratibu, anapanda utosini, bila kuambiwa arudi. Shangazi amefunga macho. Kinywa kimelegea kama cha mtoto aliyeshiba.

Nilikuwa nimekuja na furaha, sijui ilikwenda wapi. Aliniita Mama maisha yangu yote. Kichwa kile, kama kingefunguliwa kwa mtu, si kingefunguliwa kwangu?

"Shangazi," nikasema, na sauti yangu ilitoka kama yake ya zamani. "Hiyo kazi ilikuwa yangu."

Hakufumbua macho. "Mama, umefika? Kaa. Maji iko masikioni."

"Nyuma ya masikio hajafika vizuri," nikasema.

"Amefika," Shangazi akasema.

Germaine alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika, maji yakamwagika mkekani. Pale pembeni ya pipa niliona chupa ya mafuta ya kokwa, imejaa, ikingoja kupashwa. Niliichukua kabla mtu mwingine hajaikumbuka. Nikakaa kwenye kigoda, nikaishika kwa mikono miwili, na sikuondoa macho kwenye vidole vya Germaine mpaka maji ya beseni yakafanana na ya pipani.